Jina Kwenye Bango

Anjelina alinipigia simu asubuhi nikiwa napepeta mchele. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "Mama mdogo, mama ametutoka. Tunazika kesho saa nane, hukuhuku Kilambo." Sikuuliza aliugua nini. Nilimwambia nitakuja, nikaweka ungo chini, nikakaa. Mume wangu akauliza nani amefariki, nikamjibu, "Mama mmoja wa Mahurunga," na jibu lile likanichoma mwenyewe, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumweleza mama huyo ni nani kwangu. Kesho yake nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na wanawake wengine wakati katekista aliposimama kusoma wasifu wa marehemu. Ulikuwa mfupi. Filomena Alberto alizaliwa ng'ambo ya mto, akavuka utotoni na mama yake wakati wa vita, akajaliwa mtoto mmoja, na alikuwa mfanyabiashara mdogo wa chakula hapa kivukoni. Basi. Wimbo ukaanza. Nilitaka kusimama niseme kwamba huyu alikuwa mkulima, tena hodari kuliko wote niliokutana nao katika miaka yangu yote ya ugani wa kilimo, na kwamba kama aliacha jembe, mimi naijua siku aliyoliacha na ninamjua aliyekuwepo. Sikusimama. Ninayaandika hapa yale niliyopaswa kuyasema pale.

Mwaka ule ulikuwa wangu wa kwanza kazini. Nilishuka Mahurunga nikiwa na sanduku la bati, godoro la sufi na vyeti vya chuo cha kilimo ndani ya mfuko wa plastiki, nikapokelewa na mtu aliyekuwa na nyumba kubwa kuliko zote upande ule wa kijiji, Mzee Chande. Nilipewa chumba cha uani. Kilikuwa na dirisha dogo la mbao lililotazama jiko la nje, kitanda cha kamba, na ukuta ambao, kama kuta zote za nyumba ile, haukufika kwenye paa. Mtu akikohoa sebuleni, mimi nilisikia. Bi Mwanahawa, mkewe, alinikubali kama binti aliyerudi kutoka shule. Jioni tulikaa naye uani tukila ugali wa muhogo, kisamvu kilichoungwa kwa nazi, na samaki wa mto waliokaushwa kwa moshi mpaka wakawa weusi kama ngozi ya kiatu. Mzee alikula barazani na wanaume, lakini kila siku kabla hajanawa aliita, "Mwanahawa, mtaalamu kapata kichwa?" Kichwa cha samaki ndicho kilikuwa heshima, nami nilikipata kila jioni kwa mwaka mzima. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akamchukia Mzee Chande. Mimi nimejaribu kumchukia, nimeshindwa.

Kazi niliyotumwa ilikuwa kuwafundisha watu kuhifadhi udongo. Mashamba ya Mahurunga mengi yako kwenye miteremko inayoshukia bonde la Ruvuma, na udongo wake ni mwekundu, mwepesi, ukilowa unakimbia. Nilifundisha makinga maji, yale matuta yanayokatiza mteremko ili mvua ipunguze kasi. Nilifundisha kutandaza majani badala ya kuyachoma, na kupanda mbaazi kati ya mihogo. Watu walikuja kwa wingi siku za mafunzo kwa sababu mradi ulipika wali na maharage. Walikuja kwa wingi zaidi siku ya kugawa majembe. Halafu mradi ulipoacha kugawa, matuta yakaachwa yabomoke, na nilipopita mashambani watu waliniamkia kwa uchangamfu, macho yao yakikwepa yale mabaki. Siwalaumu. Kuchimba tuta moja ni kazi ya wiki nzima, na faida yake huioni mpaka misimu miwili imepita. Mtu mwenye mashamba matatu, moja likichoka, hulipumzisha na kuhamia jingine. Baba yake alifanya hivyo, na akala akashiba. Bosi wangu wa wilayani alikuwa amenipa fomu za kujaza. Swali kubwa lilikuwa kwa nini wapo wakulima wachache wanaohifadhi udongo kwa hiari, bila kulipwa wala kulazimishwa. Chini yake palikuwa na visanduku vya kutia alama: mafunzo, kuiga jirani, msaada wa mradi, sababu nyingine. Kwa miezi mitatu sikupata mtu wa kumuuliza.

Nilimpata siku ya mvua. Nilikuwa nimejibanza chini ya paa la kibanda cha kulindia mahindi nikisubiri ipungue, nikaona mwanamke amesimama katikati ya shamba, amelowa chapachapa, na vijiti amevikumbatia kifuani. Alitazama chini, akasogea hatua mbili, akachomeka kijiti, akatazama tena. Nikadhani ana wazimu. Mvua ilipokatika nilimfuata.

"Habari za kazi, dada. Mbona unalowa hivi?"

"Nangalia maji," alisema, Kiswahili chake kikiwa na mkato wa Kimakonde cha ng'ambo. "Mvua ikiisha, maji hayaonekani tena yalipita wapi. Lazima uyakute njiani."

Vijiti vyake vilikuwa vimejipanga kwa mstari uliopinda polepole kukatiza mteremko. Juu yake palikuwa na mistari mingine miwili, yenye matuta yaliyokwisha shikana na majani. Nilikuwa na kipimo changu cha mbao, kile chenye umbo la herufi A na jiwe linaloning'inia kwenye uzi. Nilipima mstari wake mwanzo hadi mwisho. Ulipishana na kipimo kwa upana wa kiganja tu. Nikamuuliza alihudhuria mafunzo ya nani. Akacheka. "Siku zile za wali? Sikuja. Mimi na mwanangu tulikuwa tunapalilia."

Huyo ndiye Filomena. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi. Mumewe alikwenda Tanga kutafuta kibarua cha mkonge, hakurudi. Anjelina alikuwa wa miaka saba. Kijijini walimwita Mmawia, jina wanaloitwa Wamakonde wa upande wa pili, na ndani yake mlikuwa na dharau kidogo ambayo watu waliisema wakitabasamu. Yeye aliitika kama vile ndilo jina alilopewa na mama yake. Shamba alilolima halikuwa lake. Lilikuwa la Mzee Chande, mwenyeji wangu, aliyempa mama yake zamani kwa sharti moja: wapande chochote ila mti. Kwa watu wa kule, mkorosho ndio hati. Aliyepanda mkorosho amesema hapa ni pangu, na watoto wake watasema vilevile. Kwa hiyo Filomena alipanda mihogo, kunde, mtama na mbaazi, na kila mwaka baada ya mavuno alimpelekea Mzee Chande kikapu cha mazao kwa shukrani.

Nikaanza kwenda kwake karibu kila siku. Nilikuwa mpweke kuliko nilivyokiri. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha udongo na ukumbi mdogo wa mbele ambako tulikula. Alichemsha mihogo, akaimwaga kwenye ungo, akatuwekea katikati kibakuli cha mbaazi za nazi zilizokolea pilipili, na chai ya mchaichai ndani ya vikombe vya bati vilivyounguza midomo. Anjelina alilala na kichwa mapajani pangu kabla chakula hakijaisha. Chini ya kitanda palikuwa na vibuyu vya mbegu, kila kimoja kimezibwa kwa kigunzi, na Filomena alivijua kwa mikono: akikishika tu na kukitikisa alisema hiki kunde, hiki mtama. Hakujua kusoma. Nilijitolea kumfundisha, akasema mwakani.

Siku moja nilikuja na fomu. Nikamweleza kuwa serikali inataka kujua kwa nini mtu kama yeye anahifadhi udongo bila kulipwa. Nilimsomea visanduku.

"Mafunzo, hapana," akasema. "Jirani, hapana, majirani wananicheka. Andika hiyo ya mwisho."

"Sababu nyingine. Sasa ni ipi, dada?"

Alichukua muhogo, akaumenya ganda lake la ndani kwa ukucha. "Wewe unakaa kwa Chande. Chande ana mashamba mangapi?"

"Manne. Au matano."

"Ehe. Moja likichoka analiacha. Mimi hili likinichoka nakwenda wapi?"

Nikaandika hayo. Chuoni tulifundishwa kinyume. Tulifundishwa kwamba asiye na haki ya ardhi hawezi kujisumbua kuitunza, kwa sababu hajui kama kesho itakuwa yake. Nilimwambia hivyo, kwa majivuno kidogo ya mtu aliyetoka shule. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikuliandika kwenye fomu kwa sababu halikuwa na kisanduku.

"Tena nataka aone. Chande. Akipita aone shamba lake halijaharibika kwangu. Aseme, huyu mwanamke ana mikono mizuri, tumwache akae."

Msimu ule alivuna kuliko wote. Mihogo ya jirani zake ilikuwa vijiti vyekundu kwenye udongo uliokwanguliwa. Yake ilifunga shamba, mbaazi zimesimama katikati zimenipita kimo, na chini ya matuta udongo umekuwa mweusi. Jioni moja uani kwa Bi Mwanahawa, mdomo umejaa samaki, nilisifu. Nilisifu kwa sauti. Nilisema shamba la Filomena sasa ndilo lenye udongo mzuri kuliko yote kijijini, na kwamba ningekuwa na mikorosho ningetamani kuipanda pale. Barazani walinisikia. Mzee Chande akauliza kwa upole, "Kweli, mtaalamu? Lile la mteremkoni?" Nikamjibu, "Kweli kabisa, baba." Nilifurahi kwamba ameuliza.

Bosi alipofika kukagua, nilimpeleka kwanza kwa Filomena. Alizunguka matuta akiwa na buti zake, akapiga picha, akanipa mkono. Alisema wiki mbili zijazo ataleta wageni na wakulima wa Mpapura waje wajifunze, na kwamba panahitajika bango. Kwangu, niliyekuwa bado kwenye muda wa majaribio, hilo lilikuwa kama kuvishwa taji. Nilimtafuta fundi wa kuandika, nikamnunulia rangi nyeupe na ya kijani, na siku moja kabla ya wageni tukalisimika bango lile ukingoni mwa shamba, pale njia ya kwenda mtoni inapopita. Filomena alikuja anafuta mikono kwenye khanga.

"Imeandikwa nini?"

Nikamsomea nikipitisha kidole chini ya herufi, kama mwalimu. "Shamba la mfano. Hifadhi ya udongo. Shamba la Filomena Alberto."

Aliligusa bango kwa kidole. Kisha akasema, "Toa jina langu."

"Usione haya, dada. Umefanya kazi kubwa."

"Sioni haya. Jina langu litoe, Rukia. Weka la Chande. Au acha wazi."

Nilicheka. Nilimshika bega, nikamwambia rangi imeshakauka, wageni wanakuja kesho, na kwamba siku moja Anjelina atasoma jina la mama yake pale na kujivunia. Aliniangalia kwa muda kama anayetafuta namna nyingine ya kulisema jambo lilelile, kisha akasema "haya," akarudi kwenye mbaazi zake. Nimeishi na hiyo "haya" miaka yote hii. Angekuwa mwanamke wa kupiga kelele, angepiga kelele, na mimi ningelifuta. Lakini mtu anayeishi kwa hisani ya wengine hujifunza kuomba mara mbili tu.

Wageni walikuja na magari mawili. Walipiga makofi, walimuuliza maswali, walimpa fulana na kofia. Watu wa kijiji walijaa njiani kuangalia, na wale waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Kuanzia siku ile mazungumzo ya barazani yakabadilika. Nikiwa kitandani mchana wa jua kali niliwasikia, juu ya ukuta ule usiofika kwenye paa, Mzee Chande na mdogo wake.

"Matuta ni alama," mdogo wake alisema. "Wewe ulimkataza mti. Yeye kaweka ukuta wa udongo, na majani yasiyong'oka. Ile mbaazi ina mwaka wa pili. Unaona anakwenda wapi?"

"Mama yake alikuwa mtu mwema," alisema Mzee Chande.

"Mama yake alikufa. Sasa serikali imeandika shamba ni la Mmawia. Na korosho inapanda. Mwanao anataka kuoa, utampa shamba gani, lile lililochoka?"

Nilisikia Mzee anakohoa, kisha anatia maji ya kutawadha kwenye birika. Mimi nililala pale nikitazama boriti, nikijua kwamba inanipasa nitoke niseme bango ni kosa langu. Nikajiambia nitamwambia Mzee peke yake, kwa utulivu, siku nyingine. Siku kadhaa zikapita.

Walimwita Filomena baada ya sala ya alasiri. Walikaa sebuleni, Mzee Chande, mdogo wake, na mwenyekiti wa kitongoji aliyekuja na daftari. Filomena aliketi chini, karibu na mlango, Anjelina ubavuni. Mimi nilikuwa chumbani. Hakuna aliyeniita, nami sikutoka. Nilisikia kila neno.

Mzee alizungumza vizuri. Alimshukuru kwa miaka aliyolitunza shamba. Akasema hana ugomvi naye, ila kijana wake anataka kupanda mikorosho, na ardhi ni ya ukoo, na jambo la bango limewatia watu hofu. Filomena akasema bango si lake. Akasema hajui kusoma, na aliposomewa aliomba jina litolewe.

"Ulimwomba nani?" aliuliza mdogo wake Chande.

"Nilimwomba mtaalamu. Aliniambia rangi imekauka."

Kisha Mzee Chande akapaza sauti kidogo, bila ukali, sauti ileile aliyoulizia kichwa cha samaki. "Mtaalamu! Mwanangu, upo? Hebu njoo utusaidie."

Nikatoka. Nilisimama kwenye mlango wa korido. Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari.

"Huyu anasema alikuomba uondoe jina lake kwenye bango. Ni kweli?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichowaza, na nakumbuka mambo madogo ya aibu. Niliwaza kalamu ya mwenyekiti. Niliwaza bosi akisikia kwamba nimeweka bango la serikali kwenye ardhi ya mtu bila kumuuliza mwenyewe, kwa kuwa ni kweli sikumuuliza Mzee Chande, nilimwamkia tu na kumwambia wageni wanakuja. Niliwaza kwamba nitalala wapi. Filomena aliniangalia. Hakuwa na wasiwasi wowote usoni. Alijua nitasema.

"Sikumbuki vizuri, baba," nilisema.

Filomena hakunitukana, wala hakulia. Aligeuza uso kwa Mzee Chande na kuuliza kama ataruhusiwa kung'oa mihogo yake kwanza. Mzee akasema bila shaka, avune yote, hakuna anayemfukuza kama mbwa. Mwenyekiti akaandika. Anjelina alikuwa amelala, mama yake akambeba mgongoni, akaaga kila mtu kwa heshima zote, mimi nikiwemo. Jioni ile kichwa cha samaki kiliwekwa mbele yangu kama kawaida. Nilikula. Hilo nalo nalikumbuka vizuri.

Sikwenda kwake tena. Nilibadilisha njia. Bango walikuja kuling'oa vijana wa Chande, wakalitumia kuzibia banda la mbuzi. Miezi ilipita, mihogo ikang'olewa mstari kwa mstari, na ilipofika siku za mwisho, ikapiga mvua ya kwanza ya msimu, kubwa, ya ghafla. Asubuhi yake nilijikuta naelekea mteremkoni, sijui kwa ujasiri gani. Nilimkuta na jembe. Tuta la katikati lilikuwa limepasuka usiku, maji yamefungua mdomo kama wa mlango, na yeye alikuwa ndani ya ule mdomo mpaka magotini, anajaza udongo, anaushindilia kwa miguu, anapachika majani juu yake. Vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa. Nilikuwa nimeona fundo la nguo na vibuyu vya mbegu mlangoni kwake nilipopita.

"Dada," nikamwambia, "si unaondoka?"

"Kesho."

"Sasa hili la nini? Si lako tena."

Alishindilia kwanza mpaka akaridhika. Jasho lilimchuruzika mpaka kidevuni. "Nimelilea mwenyewe," alisema. "Siwezi kuliangalia linakufa nami nimesimama hapa na jembe." Kisha akainua jembe na kuendelea, na mimi, badala ya kuvua viatu nishuke nimsaidie, nilisimama pale juu kama mkaguzi. Nilikuwa nimefika nikitaka kuomba radhi. Niliondoka sijaomba.

Fomu yake ilikuwa bado kwenye sanduku langu. Bosi alisema ripoti inapendeza ikionyesha kwamba mafunzo yanazaa matunda. Nilifuta "sababu nyingine," nikatia alama kwenye "mafunzo." Mwisho wa mwaka nikathibitishwa kazini.

Nilipita tena Mahurunga baada ya misimu mitatu, nikiwa nimehamishiwa kwingine. Mikorosho michanga ilikuwa imepandwa kwa mistari iliyonyooka kutoka juu kwenda chini, na matuta yalikuwa yamebomoka, kwanza moja, kisha mengine kwa kuwa yalitegemeana. Maji yalikuwa yamechimba korongo katikati. Udongo mweusi ulikuwa umekwenda mtoni. Mzee Chande, aliyekuwa amezeeka sana kwa muda mfupi, alinisindikiza mpaka ukingoni akitembelea fimbo. Alisimama akaangalia, akatikisa kichwa. "Sikujua, mwanangu," alisema. "Nilidhani likishachimbwa limechimbwa. Sikujua linataka mtu kila mvua." Akaniuliza Filomena yuko wapi. Nikasema sijui, na safari hiyo ilikuwa kweli.

Alikuwa Kilambo. Nilimgundua kwa bahati, nilipotumwa kule kwa kazi nyingine: kibanda cha makuti karibu na wanaposubiri mitumbwi ya kwenda Msumbiji, mafiga matatu, sufuria kubwa ya mbaazi, na Anjelina mwenye sare za shule akifuta benchi. Alinipokea kwa furaha iliyoniumiza. Tangu hapo nilipita kila nilipokuwa na safari ya upande ule, nikala, tukaongea habari za Anjelina na bei za unga. Nyuma ya kibanda palikuwa na eneo zuri linaloshuka taratibu kuelekea mtoni, tupu, halina mtu. Hakupanda hata mchicha. Mboga alinunua.

Miaka mingi ilipita hivyo, mpaka safari moja nilipoamua kusema. Nikasukuma sahani.

"Dada, siku ile kwa Chande. Nilikumbuka. Nilikumbuka kila neno."

"Najua," alisema. Hakuacha kukoroga. "Nilijua pale pale. Ulikuwa unaangalia miguu yako."

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe ulikuwa unalala kwao. Mimi nilikuwa nalima kwao. Wote tulikuwa watu wa kukaribishwa." Akafunika sufuria. "Nimekwisha kukusamehe, Rukia. Siku nyingi. Usiniletee tena jambo hilo hapa."

Nikamwambia sasa nina nafasi ya kumsaidia, namjua mwenyekiti wa kijiji hiki, naweza kumwombea ardhi kwa maandishi, yenye jina lake, ambayo hakuna wa kumtoa. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayepakua mzigo. Alinisikiliza mpaka mwisho, vilevile alivyonisikiliza mwaka ule nilipomweleza ya chuoni.

"Mikono bado inaweza," alisema. "Lakini mvua ikinyesha siku hizi nalala. Nasikia inapiga makuti, nageuka upande wa pili. Sitaki tena kitu cha kunitoa nje."

Mtumbwi ulikuwa umegonga ukingo. Abiria wakapanda mteremko na mizigo yao kichwani, wana njaa, wanaita chakula kwa Kiswahili na Kimakonde na Kireno, na yeye akaanza kupakua. Anjelina hakuwepo siku ile. Nilikunja mikono ya gauni langu la kazini, nikachutama kwenye beseni, nikaosha sahani zake moja baada ya nyingine mpaka wateja wote wakaisha, kwa sababu sikujua kitu kingine ninachoweza kumfanyia, naye hakunikataza.